Ijumaa ya Shangazi Nambike

Mtafiti wa nyuki aliingia Ghala-mti la Same, ghala la kumbukumbu za taaluma zote, Jumanne saa mbili asubuhi na swali moja: kwa nini asali ya milima ya Upare ilipungua miaka sitini iliyopita? Aliketi mbele ya kioo cha kompyuta, akalisoma swali lake kwa sauti, akasubiri. Hakusubiri sana. Ghala lilianzia kwenye daftari za mvua, likatoka huko likaingia kwenye faili za zahanati, likahesabu watoto waliokohoa kwa chavua kila Oktoba, likapita kwenye kanda za watafiti wa lugha ambamo vikongwe walitaja majina ya miti iliyokwisha, likagusa ramani za umeme, na katika sekunde nne likamletea jibu. Msitu mmoja ulikatwa kupisha nguzo, na nyuki wakahama. Mtafiti alicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani. Aliondoka bila hata kuaga.

Watu waliona ni uchawi, lakini uchawi hakuna. Zamani kila taaluma ilikuwa na kabati lake, ufunguo wake na wivu wake. Ghala-mti liliyaunganisha makabati kumi na moja kwa lugha ya lebo, ile ambayo watu wa karne iliyopita waliiita XML. Katika lugha hiyo kila kitu hufunguliwa kwa lebo na kufungwa kwa lebo, na ndani yake hukaa kingine, kama sufuria za dukani zinavyopangwa, ndogo ndani ya kubwa. Mtu ni shina. Moyo wake ni tawi, maneno aliyorekodiwa ni tawi, mvua aliyoipima ni tawi. Mlangoni ilikaa mashine iliyoitwa Mkaguzi, na Mkaguzi alijua sheria moja tu: kilichofunguliwa lazima kifungwe. Hati isiyofungwa haikuingia.

Aliyeandika kanuni za kuyaunganisha makabati hayo ni mhandisi Nakijwa Msuya, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwepesi wa mikono na mzito wa kuomba msaada. Jumanne hiyo alikuwa bado anamcheka yule wa nyuki aliposikia mlango unagongwa. Aliyeingia ni Daktari Eliamini Mbwambo, mtafiti wa magonjwa ya moyo kutoka hospitali ya mji, amekumbatia faili kifuani.

"Dada Nakijwa, habari za asubuhi."

"Nzuri, Daktari. Mbona sura ya mtu aliyeibiwa?"

"Afadhali ningeibiwa." Alikaa. "Nina wagonjwa mia tatu na kumi na wawili waliokuwa na kisukuma-moyo, kile kifaa cha kuendesha mapigo, na wote wamefariki ndani ya miaka hii mitatu. Nilitaka kujua wanafariki zaidi majira gani, basi. Nikaliuliza Ghala. Likanipa siku, saa na dakika ya kila mmoja. Nikalinganisha na vyeti vya hospitali. Zimelingana zote."

"Sasa ulitaka zisilingane?"

"Nisikilize, dada. Tarehe za Ghala ziliandikwa kabla. Nyingine miezi sita kabla, nyingine miaka miwili. Nimeangalia muhuri wa siku zilipoingizwa. Ghala liliwafunga watu wakiwa bado wanakula ugali."

Nakijwa alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Aligeukia kioo chake na kuanza kufungua hati za wagonjwa wale, moja baada ya nyingine. Nyuma yake daktari aliendelea kuongea, akigonga kitu kwenye mkono wake. "Hata bangili yangu nayo tangu jana jioni inawaka njano. Watu wa programu wamechelewa tena. Siku ikiamua kuwa mbaya, inakuwa mbaya mpaka kwenye betri." Nakijwa alisema "pole" bila kugeuka. Alikuwa kwenye hati ya saba.

Daktari alipokwenda wodini, yeye alifunga mlango kwa ufunguo na kutafuta. Hakuchukua hata nusu saa, kwa sababu mtu huwa anajua alikozika kitu chake.

Miaka mitatu nyuma, wiki ya kuunganisha makabati, Mkaguzi alizikataa hati laki mbili kwa siku moja. Zote zilikuwa za watu walio hai. Hati ya mtu ilifunguliwa kwa kuzaliwa na ilitakiwa kufungwa kwa mwisho, na walio hai hawana mwisho. Kila taaluma ilikuwa na desturi yake: watu wa hospitali waliacha nafasi tupu, watu wa hali ya hewa walipiga kistari, na watu wa lugha waliandika neno moja, *yupo*. Mkaguzi alitaka tarehe. Mkurugenzi naye alitaka uzinduzi ufanyike Ijumaa, keki imeshaagizwa na bendi imeshafanya mazoezi. Basi Nakijwa aliandika mstari mmoja: pasipo na mwisho, kadiria. Pembeni akajiandikia: *Ya muda. Nitarudi.* Hati laki mbili zikaingia kama maji. Keki ikakatwa. Hakurudi.

Ghala lilikadiria kama lilivyofanya kila kitu, kwa bidii, likichota katika taaluma zote kumi na moja. Makadirio yenyewe hayakuwa na nguvu ya kumwua kuku. Lakini mashine ya hospitali, iliyoandika programu za visukuma-moyo, ilisoma Ghala kabla ya kuandika. Zamani, nafasi ikiwa tupu, iliandika programu ndefu kadiri betri ilivyoruhusu. Sasa ilikuta tarehe, na haikuona sababu ya kuandika programu kwa siku zisizokuwepo. Siku mbili kabla ya mwisho bangili ya mgonjwa, inayoonyesha hali ya kifaa chake, ilibadilika kutoka kijani kuwa njano, kwa kuwa programu mpya haikuja. Kisha dakika ile ilifika, kisukuma-moyo kikanyamaza, na jamaa wakasema Mungu ameamua. Hakuna mashine iliyoua mtu. Kila moja ilisoma tu kilichoandikwa.

Nakijwa alirudia ile namba kwa sauti ndogo. Watu mia tatu na kumi na wawili. Alimwandikia Eliamini ujumbe mfupi: *Nimejua ni nini. Ni kosa langu. Tafadhali usimwambie mtu, nipe mpaka Ijumaa nirekebishe.* Jibu lilikuja upesi, la mtu mwungwana: *Sawa, dada. Ijumaa.*

Ndipo alipoandika jina la shangazi yake.

Shangazi Nambike ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano. Alikaa Usangi, juu milimani, na kisukuma-moyo chake kilikuwa na miaka minne. Alikuwamo Ghalani mara tatu: kama mgonjwa, kama msemaji wa Kipare aliyerekodiwa na watu wa lugha, na kama mpima mvua wa kujitolea. Kwa miaka arobaini na mmoja, kila siku saa tatu kamili asubuhi, alikwenda uani na bilauri ya kupimia na kuandika mvua ya siku hiyo.

Hati ilifunguka. Mwisho: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Yaani keshokutwa.

Nakijwa alisoma chini zaidi. Ghala halikuishia kwenye tarehe. Kanuni zake mwenyewe zilidai kila tawi lijazwe, nalo lilikuwa limejaza yote. Kwenye tawi la mvua: Jumatano, milimita 4.2, Alhamisi, kistari. Kwenye tawi la lugha, palipotakiwa sentensi ya mwisho iliyorekodiwa, ilikuwapo sentensi ya Kipare ambayo hakuna aliyeirekodi, na tafsiri yake: "Nishikie kalamu, mwanangu."

Aliisoma mara tatu. Ilikuwa sauti ya shangazi kabisa.

Alijaribu kubadilisha tarehe kwa mkono, akasogeza mwisho mbele miaka kumi. Mkaguzi alikataa: *Hakuna ushahidi.* Akajaribu miaka miwili, akajaribu mwezi. *Hakuna ushahidi.* Akapiga hospitali kuomba shangazi yake aonwe Ijumaa, na mashine ya miadi ikamjibu kwa upole wa kukera: "Ijumaa ya mgonjwa huyu haipo. Je, ungependa siku nyingine?" Akampigia Mkurugenzi, akamweleza nusu ya jambo, nusu isiyomgusa yeye. Mkurugenzi alisema jambo hilo ni zito, na kwa uzito wake linafaa kikao cha Jumatatu.

Ilibaki njia moja, nayo aliijua tangu mwanzo. Mwandishi wa kanuni alikuwa na haki ya kuufuta mstari wake, na mashine ya hospitali ingekuta nafasi tupu kama zamani. Lakini akiufuta, hati laki mbili zingetemwa palepale, taaluma kumi na moja zingesimama, na nchi nzima ingeuliza mstari huo uliandikwa na nani. Nakijwa aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Akajiambia kuna njia nyingine: atampandia shangazi, atamteremsha mpaka hospitali, na daktari mwenye mikono atakitoa kisukuma-moyo kwenye programu na kukiendesha yeye. Mstari atakuja kuufuta baadaye, taratibu, bila kelele.

Jumatano alasiri alipanda gari-waya la kwenda Usangi. Walikuwa juu ya mashamba ya migomba, kijumba kinaning'inia na kuyumba kidogo, simu yake ilipolia. Saa kumi kamili. Ujumbe wa Eliamini: *Mia tatu na kumi na tatu. Ukipata nafasi, nipigie.* Mgonjwa mwingine tena mwenye tarehe iliyo karibu, aliwaza. Akairudisha simu mkobani. Shangazi alikuwa amebakiwa na saa kumi na saba tu. Hao wengine atawasikiliza Ijumaa.

Shangazi alikuwa jikoni anachambua maharage. Mwili umepungua, lakini macho yaleyale ya kukupima toka mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mjini mashine ndizo zinazokula?"

Nakijwa alimshika mkono kumsalimia, na kwenye kifundo akaiona bangili. Njano. Akaiacha polepole. "Shangazi, leo mlipata mvua?"

"Kidogo. Nne nukta mbili."

Maharage yaliendelea kudondoka sufuriani, moja moja. Nakijwa aliyasikia kila moja.

"Twende Same, Shangazi. Sasa hivi. Hicho kifaa cha moyo kina hitilafu, nataka wakitazame."

"Nitakuja kesho, baada ya kupima."

"Kesho umechelewa. Jirani atakupimia."

"Jirani!" Shangazi alicheka hasa. "Jirani yangu hajui hata kuchemsha chai kwa wakati. Mwanangu, siku ya kumzika mjomba wako nilipima kwanza, nikaenda kulia baadaye. Saa tatu ni saa tatu. Nikishamaliza nitapanda hilo banda lako la waya, hata kama linanitia kizunguzungu."

Nakijwa alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Alipomwambia wazi kwamba kifaa kitazimika saa tatu ileile, shangazi aliuliza nani kasema. "Ghala," Nakijwa alijibu. "Limejuaje?" Na hapo mhandisi aliyetunga kanuni za taaluma kumi na moja akachukua maharage akaanza kuyachambua naye. Gari-waya la mwisho lilikuwa limeshateremka.

Alhamisi kulipambazuka na manyunyu. Saa mbili na nusu Nakijwa alikuwa uani, kibao chake mapajani, mstari wa miaka mitatu umefunguka mbele yake na yale maneno yake pembeni: *Ya muda. Nitarudi.* Kidole hakikutaka kushuka. Shangazi alitoka na bilauri na daftari lake la mvua, akakaa kwenye kigoda kungoja saa. Alikuwa anahema kwa taabu kidogo. Ili asimtazame, Nakijwa alilichukua daftari akaanza kulifunua. Namba, namba, sifuri, sifuri, namba. Halafu, kwenye Machi ya mwaka mmoja wa mbali, palipaswa kuwa na namba, paliandikwa *sijui*.

"Hii ni nini, Shangazi?"

"Siku hiyo nilikuwa naumwa, sikuamka."

"Si ungeandika sifuri? Machi ile hapakuwa na mvua, angalia kabla na baada."

Shangazi alimtazama kama amesema kitu kichafu mbele ya wageni. "Sifuri maana yake nimekwenda, nimeangalia, nimekuta hakuna. Kama sikuangalia, naandikaje sifuri? Hiyo si namba, ni uongo wenye umbo la namba. Mtu atakuja kuusoma, atapanda mahindi juu yake."

Nakijwa alilia. Hakujua kama analia mpaka tone lilipoanguka kwenye kibao. "Mimi niliandika namba mahali nisipojua. Kwa watu laki mbili. Nawe umo."

"Basi futa."

"Nikifuta, kazi za watafiti wote zitasimama. Na watajua ni mimi."

"Watajua nini? Kwamba hukujua? Mimi nimeandika sijui mara tisa humo, na bado kila mwaka wananiletea kalamu mpya."

Saa ya ukutani, ndani, ilikuwa karibu kugonga. Shangazi aliinuka. Alikitoa kipima mvua kwenye nguzo yake, akakikumbatia kwa mkono mmoja, bilauri mkono wa pili, na kalamu ikawa haina mahali. Akageuka, na kwa Kipare, kwa sauti ya kawaida kabisa ya asubuhi, akasema:

"Nishikie kalamu, mwanangu."

Baridi ilimpita Nakijwa toka utosini. Mkono mmoja ulipokea kalamu. Mwingine ulishuka kwenye kibao na kuufuta mstari.

Kwa muda hapakutokea kitu. Manyunyu yaliendelea. Bangili ilikuwa njano, na ndani saa ikaanza kugonga, moja. Shangazi alimimina maji kwenye bilauri. Mbili. Akaiinua usawa wa macho, akakunja uso kuisoma. Tatu. Kisha bangili ikazima, kabisa, kama jicho lililofumba, na ilipowaka tena ilikuwa kijani.

"Kumi na moja nukta sita," alisema Shangazi. "Nipe kalamu yangu."

Aliandika. Nakijwa alikaa chini kwenye majani mabichi, akacheka na kulia pamoja, na shangazi akamwambia ainuke asije akapata mafua. Huko Same, vioo vya Ghala-mti vilikuwa vimeganda vyote kwa mara ya kwanza tangu siku ya keki. Simu kutoka kwa Mkurugenzi ilianza kuita, ikaita, ikaacha. Nakijwa hakuijali. Mtu wa kwanza aliyetaka kumpa habari ni Eliamini: asingengoja Ijumaa, wagonjwa wake wote waliobaki walikuwa salama, hata huyo wa mia tatu na kumi na tatu.

Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena.

Akiwa anangoja, alikitazama kibao. Mkaguzi alikuwa amezitema hati zote laki mbili, na kwa utaratibu wake wa kukera alizipanga kwa tarehe za mwisho zilizofutwa, za jana zikitangulia za leo. Jina la Shangazi Nambike lilikuwapo, Alhamisi, saa tatu. Juu yake palikuwa na majina machache ya Jumatano. La mwisho kati yao, Nakijwa alilisoma, akalirudia, na kidole kikabaki juu yake. Mbwambo, Eliamini. Kisukuma-moyo. Mwisho: Jumatano, saa kumi na dakika ishirini.

Njano. Alimwambia. Alikuwa amekaa nyuma yake, hatua mbili, akigonga bangili yake, na yeye akasema pole bila kugeuka. Baada ya hapo aliuliza Ghala jina moja tu, la mtu wake. Jina la pili lingemchukua sekunde nne. Na dakika zile ishirini mtu yule alizitumia kumwandikia kwa adabu, ukipata nafasi, bila kumwambia mtu mwingine yeyote, kwa sababu aliombwa.

Alipiga mara ya tatu. Safari hii ilipokelewa, na ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka kwa kulia.

"Nani mwenzangu?"

Nakijwa alifungua mdomo. Kando yake Shangazi Nambike alikuwa ameshamaliza kuandika na anamtazama.

"Naitwa Nakijwa Msuya," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika ule mstari."